Mguu wa Cheche Haukuunguzwa na Chuma

Mlango wa pili baada ya kinyozi,
Nyuma ya stendi ya mabasi,
Jumanne, 11 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Mziwanda,

Pokea salamu za dada yako mwenye mdomo, ambaye leo mdomo umemwishia na ndiyo maana ameshika kalamu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mtoto je, lile jino la juu limeshatoka au bado anawakesheza? Mbusu kwenye shavu, mwambie shangazi yake anamkumbuka.

Sisi huku tupo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua, na fimbo niliyomnunulia ameitundika nyuma ya mlango kwa sababu anasema fimbo ni ya wazee. Ana miaka sabini na mbili. Mimi mwili ni mzima. Yaliyobaki utayasoma.

Barua hii nampa dereva wa lori la mizigo anayeegesha hapa mbele, anaondoka mchana huu na kesho asubuhi atakuwa kwenu. Nimemwambia asikuachie kwa mlinzi getini, akupe mkononi. Isome yote, usirukeruke kama unavyosoma maelekezo ya dawa. Ukifika mahali pa kukasirika, endelea kusoma.

Picha ya tatuu ya mkononi mwako ilinifikia Jumapili nikiwa nafagia kibanda changu cha kuchorea. Nilikaa chini na ufagio wangu. Ni Cheche kabisa: miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso, na kile kicheko cha upande mmoja alichokuwa nacho akijua amekosea. Mchoraji wako ana mkono mzuri. Kidevu amemwongezea kidogo, kaka yetu hakuwahi kuwa na kidevu cha kutisha namna hiyo, lakini macho kayapata. Nililia. Kisha nikaikuza picha nikaanza kukagua ngozi yako, maana hii kazi ikishakuingia haikuachi hata ulie kwa raha.

Umeniuliza utarajie nini wakati tatuu inapona, ukaongeza kwa utani kwamba una mtaalamu kwenye familia kwa hiyo ushauri ni wa bure. Sawa. Nitakueleza kwanza kama ninavyomweleza mteja, halafu nitakueleza kama dada.

Ulichorwa Jumamosi, hiyo ndiyo siku ya kwanza. Uelewe kwamba hicho ni kidonda. Watu wanakiona kizuri wanasahau. Sindano imepita kwenye ngozi yako maelfu ya mara, na mwili haujui kwamba ni picha ya kaka yako, unachojua ni kwamba umeumizwa. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili kimetoa majimaji, wino kidogo na damu kidogo, na wifi amekugombeza kwa ajili ya shuka. Hiyo haina neno. Kimekuwa chekundu, kimevimba kidogo, na ukikisogezea kiganja unahisi joto, kama mtu aliyeshinda juani. Hiyo nayo haina neno, mradi kila siku ipungue.

Leo au kesho ngozi itaanza kukaza, halafu itabanduka vipande vidogo vyenye wino, utadhani Cheche anaondoka kipande kipande. Haondoki. Usivivute. Nina mteja mmoja, fundi viatu, alivivuta huku akisikiliza mpira redioni, na simba wake wa kifuani hadi leo hana sikio moja. Utakuja pia mwasho wa kukutoa akili. Usikune, pigapiga kwa kiganja kilichooshwa, au toka nje utembee. Wiki ya pili na ya tatu mchoro utaonekana umefifia, una ukungu juu yake, na utataka kunipigia kulalamika kwamba fundi amekuibia. Subiri. Ngozi ya juu hujifunga ndani ya wiki tatu nne, ya chini huchukua hata miezi mitatu.

Osha mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, kwa vidole vyako, si kwa dodoki. Kausha kwa kugusagusa. Mafuta yawe kidogo sana, mtu akikutazama asijue umepaka. Usiuloweke mkono, usiuanike juani, vaa shati la pamba lisilobana. Na yule mwenzako wa kazini anayemwaga unga wa kapsuli kwenye kila kidonda anachokiona, mwambie ajimwagie mwenyewe.

Hapo kwenye kazi yako ndipo ninapoanza kuogopa. Chumba chenu nakijua, nilikuja nikakiona. Zile mashine za kufulia zinazotikisa sakafu, mvuke wa pasi kubwa, na mashuka ya hospitali yanayoletwa kwa magunia yakiwa na damu na mengine ambayo sitayaandika. Mikono yenu imo kwenye maji na dawa ya madoa tangu saa moja asubuhi. Glovu mnazopewa zinaishia kwenye kifundo cha mkono. Mchoro wako uko juu ya kifundo. Na jana Jumatatu ulikwenda kazini, tena uliniambia kwa majivuno kama mtu aliyeshinda mbio. Mwambie msimamizi akuhamishie kwenye kukunja, mbali na hayo magunia. Akikataa, kaa nyumbani, nitakuja kumgombeza mimi.

Sasa sikiliza yale yasiyo ya kawaida. Wekundu ukipita ukingo wa mchoro ukaanza kutambaa. Joto likizidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu. Uvimbe ukawa mgumu. Usaha wa njano au wa kijani, au harufu. Mstari mwekundu unaopanda kuelekea kwapani. Na zaidi ya yote, homa na kutetemeka. Ukiona hata kimoja, usipake kitu, usikamue, usimpigie mtu yeyote simu kumuuliza, hata mimi. Hasa mimi. Nenda hospitali na viatu ulivyovaa.

Hayo ndiyo maneno ya fundi. Unayajua nusu yake, na ningeweza kuyatuma kwa simu.

Jumapili ileile nilikutumia ujumbe kwamba uende ukapime sukari siku hiyohiyo. Ukanijibu kwa vicheko vitatu, ukaniuliza kama uzee umeanza kunipanda kichwani. Jana nikakupigia mara mbili. Mara ya kwanza mashine zilikuwa zinanguruma, hatukusikilizana. Mara ya pili nikakwambia tena uende hospitali, ukasema Dada, kidonda ni kikavu, acha woga, na nilikuwa na sentensi moja tu ya kukujibu. Badala yake nikakuuliza bei ya nyanya. Nilipokata simu nilijichukia.

Sentensi yenyewe ni hii. Mziwanda, mguu wa Cheche haukuunguzwa na chuma.

Najua ulivyoambiwa. Uliambiwa cheche ya moto iliruka karakanani ikapenya soksi, kidonda kikaingia uchafu, na sukari ambayo hakuna aliyeijua ikammaliza. Ulifika siku moja baada ya mazishi na ulikuta maneno hayo yameshakaa vinywani mwa watu wote, mpaka mafundi wenzake walikuwa wakionyesha kwa vidole mahali alipokuwa amesimama. Sukari ni kweli. Chuma si kweli. Kilichotoboa mguu wa kaka yetu ni sindano yangu, kwenye kitanda changu, Ijumaa moja mchana, na mimi nilikuwa nacheka.

Alikuja akiwa na siku ya mapumziko, ameoga, ananukia sabuni, jambo ambalo kwake lilikuwa sherehe. Alitaka nimchoree baiskeli ya Baba kwenye kigimbi, ile yenye kiti kikubwa nyuma tulichokuwa tukigombania sisi watatu. Alisema mguu wa kulia, kwa sababu ndio aliokuwa akikanyagia Baba alipoanza mwendo. Nilifurahi kupita kiasi. Miaka sita nimefanya kazi hii Mama akiwaambia watu kwamba dada yenu anaandika mabango, na Cheche alikuwa wa kwanza wa damu yangu kulala kwenye kile kitanda. Nilimimina wino mpya. Nilifungua sindano kwenye pakiti mbele ya macho yake. Kuhusu usafi sijilaumu, nimeupitia kichwani mara elfu na sioni pengo.

Pengo lilikuwa kwenye karatasi. Mteja yeyote anayekanyaga hapa, hata awe amekuja kuchora nukta, anapewa karatasi ya maswali kabla sijawasha mashine. Una sukari? Kuna mtu kwenu ana sukari? Unapata kiu isiyoisha, umepungua mwili? Kuna dawa unatumia? Nimemrudisha mzee mzima na hela yake mkononi kwa sababu ya karatasi hiyo. Nilipompa Cheche, aliikunja akaanza kujipepea nayo. Akaniuliza kama nataka pia na jina la babu. Nikacheka, nikaiweka kando. Ningemuulizaje kaka yangu kama kwao kuna sukari? Baba yetu ni mmoja, sote watatu tulikuwa pale Baba alipokatwa vidole vya mguu, na pale alipokatwa mguu. Niliona kumuuliza ni kujifanya simjui. Ndugu hawaulizwi maswali ya wageni, ndivyo nilivyofikiri, na ndivyo nilivyomuua.

Na macho nilikuwa nayo. Kwa saa tatu alizolala pale alimaliza chupa mbili kubwa za maji na akainuka mara nne kwenda chooni, mpaka nikamtania kwamba nimemchora baiskeli na yeye ananiharibia tairi. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba. Mgeni angekuwa hivyo ningezima mashine.

Jumapili, siku ya tatu, alinipigia akasema mguu umekuwa mwekundu na wa moto. Nilikuwa na kile kikaratasi ninachowapa wateja wanapoondoka, nilichokiandika kwa mkono wangu, nikamsomea: wekundu na joto ni kawaida. Siku ya nne akasema buti halipiti. Nikamwambia ni kawaida, umesimama sana, inua mguu. Alikuwa amesimama kweli, alikuwa karakanani, anachomelea geti la mtu na mguu wangu ndani ya buti la jasho na unga wa chuma. Nimeandika mguu wangu. Niache hivyo hivyo, sifuti.

Siku ya tano alipiga saa nane mchana. Nilikuwa na mteja wa mgongo mzima aliyesubiri miezi miwili kupata nafasi, nusu ya mgongo nimeshamaliza. Nilishika simu kwa bega. Cheche hakuwa mtu wa kulalamika, unamjua, mtu aliyekuwa akizima cheche kwenye mkono wake kwa kidole huku akiendelea na hadithi. Alisema, "Fundi, nasikia baridi. Nimejifunika mablanketi mawili na jua linawaka." Nikamwambia ameze dawa ya maumivu, alale, nitapita kesho nikimaliza. Akauliza, "Kwa hiyo ni kawaida?" Nikasema ndiyo. Akashukuru.

Nilipopita kesho yake nilisikia harufu kabla sijafungua mlango. Mstari ulikuwa umepanda kutoka kigimbini mpaka kwenye kinena. Baiskeli haikuonekana tena, ngozi ilikuwa nyeusi na imejaa malengelenge. Nilimwita kinyozi, jirani yangu wa kibandani, akanisaidia kumbeba mpaka kwenye gari. Hospitali walimtoboa kidole, na kile kimashine cha sukari kilishindwa kuandika namba, kiliandika tu kwamba imezidi. Nesi alinitazama akaniuliza hatukujua? Nikajibu hapana. Daktari akasema sumu imeshaingia kwenye damu, akataka kuukata mguu jioni ile. Cheche akaomba afikirie mpaka asubuhi, kwa sababu alikuwa amemwona Baba alipokatwa wake. Asubuhi hakuwa na uwezo wa kufikiri tena. Alikaa siku mbili zaidi.

Kabla akili haijampotea alinishika mkono. Alisema, "Mama asijue. Sema ni chuma." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayepanga nani atabeba nini tukihama nyumba. Nami nikasema ni chuma. Nikamwambia Mama, nikakwambia wewe, nikawaambia mafundi wenzake, na kila aliyenipa pole nilimpokea. Miezi minane nimekula pole za watu.

Usidhani nimeandika haya ili nipumue. Ningeweza kuendelea kukaa kimya, nimezoea, na kwa kweli nilikuwa nimekata shauri nife nalo. Nimeandika kwa sababu ya barua yako ya mwezi uliopita, ile ya utani. Ulisema umepungua mpaka umetoboa mkanda matundu mawili mapya, wifi anakusifu umerudi ujana. Ulisema mvuke wa kazini unakupa kiu, dumu la lita tano unalimaliza peke yako. Nilisoma nikacheka nikaiweka kwenye droo. Jumapili nilipoona mkono wako niliitoa nikaisoma tena, ndipo nikakutumia ule ujumbe wa sukari.

Huenda ni mvuke kweli. Huenda ni kazi na usingizi wa mtoto. Mimi nilipima baada ya mazishi, yangu iko ukingoni, nimeacha soda na najifanya sizioni keki za duka la jirani. Lakini wewe hujapima kamwe, kwa sababu ulikataa kuona sindano tangu mguu wa Baba. Ajabu umekubali sindano ya wino saa nne nzima kwa ajili ya Cheche, na ile ya sekunde moja unaikimbia.

Sitakuuliza kama kwenu kuna sukari. Naijibu mimi: ipo, ilimchukua baba yako, na kaka yako ilimkuta imefunguliwa mlango na mimi.

Kibanda nilikifunga miezi miwili. Nilirudi kwa sababu sijui kazi nyingine, na kwa sababu mabango siku hizi yanachapwa na mashine. Sasa hakuna anayelala kwenye kitanda kile bila kupimwa kidole. Nimenunua kimashine. Kinyozi alitaka nyota moja ndogo nyuma ya sikio, nikamtoboa kwanza, akanuna wiki nzima na kuniambia nimegeuza kibanda zahanati. Anune. Sikumweleza sababu, ingawa yeye ndiye aliyembeba.

Leo asubuhi nimemwambia Mama. Sikutaka usikie wewe halafu yeye awe wa mwisho. Alikuwa anashona kifungo cha koti langu la kazi, lile ambalo miaka yote anasema ni la kuandikia mabango. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakuinua uso. Alishona, akakaza uzi, akaukata kwa meno, akaliweka koti gotini. Halafu akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema hujui, na una kidonda cha namna ileile. Mama akasema, "Mwandikie kwanza. Kulia utalia baadaye." Akainuka, akashika ukuta, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Nimekuja kibandani nikiwa nimevaa koti lenyewe. Kama amenisamehe sijui, na siwezi kubisha hodi kuuliza.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho barua hii ikikufika itakuwa siku yako ya tano. Usimalize zamu. Nenda hospitali, si duka la dawa. Waambie una tatuu ya siku tano, baba yako na kaka yako walikuwa na sukari, umepungua na una kiu. Sema kwa mdomo wako, usisubiri waulize, kwa sababu watu wenye haraka hawaulizi. Wapime sukari, wapime joto, waangalie mkono. Wakikuta hakuna kitu, nitakuwa dada mwoga aliyekupotezea siku ya kazi, na utanitania kwa hilo mpaka nizeeke. Nalitaka hilo kuliko kitu chochote.

Mpe wifi barua hii aisome. Najua utataka kuificha chini ya godoro. Wifi yangu, kama unasoma hapa na mume wako yuko nyumbani ananyoosha miguu, mshike huo mkono mzima umtoe nje. Ukiwa na hasira nami, ni haki yako, lakini mtoe kwanza.

Wewe nawe utakasirika, Mziwanda, tena sana. Umechora uso wa mtu aliyeuawa na kazi ileile ya kuchora, na dada yako alikuacha ufanye hivyo kwa sababu ya uongo wake. Ungejua, usingelala kwenye kitanda cha yule fundi. Hilo nalo ni langu, naliongeza kwenye mengine. Nichukie utakavyo. Lakini nichukie ukiwa mzima, mikono yote miwili.

Kesho saa kumi na moja jioni nitakupigia. Usianze kwa kuniambia kama umenisamehe au hukunisamehe, sitaki kusikia hilo kwanza. Nisomee namba mbili atakazoandika nesi, ya sukari na ya joto. Zisome polepole, nitakuwa na kalamu. Baada ya hapo unaweza kukata simu, hata kwa mwaka mzima.

Mama angekusalimu kama mlango wake ungekuwa wazi, kwa hiyo nakupa salamu zake bila kumuuliza. Kinyozi anakusalimu. Msalimie mama mwenye nyumba wenu, na mafundi wenzako wa mashuka, isipokuwa yule wa kapsuli. Mungu akulinde njiani kwenda huko hospitali, akupe damu safi, na akufikishe kwenye umri ambao Cheche hakuufikia.

Nakupenda, na sina ndugu mwingine wa kumwandikia,

Dada yako.